Hamira ya Gladwell

Meru,
14 Januari 2024

Mpendwa Baba,

Keti kwanza, maana barua hii ni ndefu. Ndwiga ameniambia masikio yako sasa hayashiki simu hata spika ikiwashwa, na kwamba ujumbe mfupi ukiusoma unakasirika kwa sababu watu wanaandika bila nukta. Basi nimenunua karatasi. Nitakuwa nawapa watu wa vifurushi pale stendi, na Ndwiga atakuchukulia Kiritiri.

Umeniuliza kila Krismasi ninafanya nini hasa huku chuo kikuu, nami kila Krismasi nimekujibu “utafiti” nikakimbilia jikoni. Leo nakujibu. Ninapiga hamira umeme. Ni hivyo tu, Baba, na huu ni mwaka wa tano.

Hamira ni viumbe wadogo mno, kila mmoja ni seli moja, nami nimezoea kuwataja kama watu. Tunawaweka ndani ya maji kwenye kichombo chenye vipande viwili vya chuma vilivyokaribiana, halafu mashine inapitisha umeme mkali sana kwa muda mfupi sana. Chukua sekunde moja uigawanye vipande bilioni. Sisi tunatumia vichache tu. Umeme wa kawaida ungewachemsha. Huu wetu umeshapita kabla maji hayajapata joto. Unatoboa ngozi ya seli vitundu visivyoonekana, na ukiwa mfupi zaidi unaivuka ngozi na kwenda kuvuruga vilivyo ndani. Wengine wanaziba vitundu na kuendelea na maisha. Wengine ukiwatazama kwa darubini utasema wazima, kumbe wameumia. Unawaweka kwenye chakula usiku kucha, na kesho yake hawajazaana. Kwa hiyo hatuandiki lolote siku ile ile.

Faida yake ni kwamba siku moja juisi ya maembe ya huko Mbeere itakaa bila kuchacha na bila kuchemshwa ikapoteza ladha. Hiyo ndiyo sentensi tunayowaambia wageni.

Sasa ombi. Hadi sasa nimetumia hamira ya pakiti, ile ya mkate. Jopo linalokagua kazi yangu linasema hiyo imefugwa, nitafute ya porini nilinganishe. Nikakumbuka muratina za mama, zile alizochachushia pombe ya asali. Kama bado zimening'inia stoo, nitumie chache. Yale matunda hata yakikauka, hamira hulala ndani miaka. Bila hamira ya porini sina sura ya mwisho ya tasnifu, na muda niliopewa na chuo unaisha mwakani. Baada ya hapo jina langu linafutwa.

Nimechoka kidogo, lakini ni mzima.

Binti yako,
Wawira


Kiritiri,
11 Februari 2024

Kwa Wawira, binti yangu uliyebeba jina la mama yangu,

Nimesoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa nasahihisha. Umekosea mahali pawili tu, nami sitapataja.

Kwa hiyo serikali imekusomesha ili upige hamira umeme. Nilipomweleza Ndwiga alicheka hadi akashika ukuta. Mimi sikucheka. Niliwahi kufundisha darasa la saba watoto sabini na wawili, najua kuna kazi ambazo mtu akizitazama kutoka nje hazieleweki.

Muratina zilikuwepo. Tangu tumzike mama yenu sikuwa nimeingia ile stoo isipokuwa kutoa jembe. Zimening'inia pale pale alipoziacha, kwenye waya, juu ya kibuyu chake. Unajua utengenezaji wa pombe ya asali kwetu ni kazi ya wanaume, lakini yangu ilikuwa inatoka siki, na wazee wakawa wanainywa kwa heshima tu huku wameangalia kando. Mama yenu, Gladwell, akaninyang'anya kazi hiyo mwaka tuliopata Ndwiga. Wenzake wa Umoja wa Kina Mama kanisani walimsema, akawaambia wao wakishapata wakwe watakaokubali posa kwa soda, wamwite. Ni posa chache zilizokwenda kutoka kijiji hiki bila pombe yake, na yeye mwenyewe hakuwahi kuonja hata kidole.

Nimekutumia muratina sita. Nimeziandaa vizuri, usiwe na wasiwasi, hazitakuaibisha. Nimebakiza chache.

Unasema umechoka kidogo. Mama yenu naye alikuwa anasema hivyo, na kesho yake yuko shambani kabla ya kuku kushuka. Wewe umemfuata yeye. Utavumilia.

Mvua haijaonyesha dalili. Mbuzi wamefika hatua ya kula karatasi, kwa hiyo barua zako naziweka juu.

Baba yako,
Mwalimu Njoka


Meru,
22 Septemba 2024

Mpendwa Baba,

Nisamehe kwa kimya hiki kirefu. Muratina zilifika salama, na hamira waliamka siku ya kwanza. Nilistaajabu jinsi walivyoamka upesi. Nilipowatawanya kwenye sahani wakaota madoa meupe, yote yamefanana, safi kabisa. Kwa kawaida vitu vya porini vinakuja na uchafu wa kila aina.

Tangu hapo nimekuwa nikiwapiga. Stima inapotea, mashine inalazimika kuanza upya, nami naanza upya nayo. Mwezi wa saba baridi ya Meru iliingia hadi kwenye maabara, nikawa nafanya kazi na makoti mawili. Siku moja nilisinzia juu ya meza, Beverlyne wa maabara ya jirani akaniamsha kwa kunifinya. Usijali.

Habari ninayotaka uisikie ni hii: hamira ya mama ni ngumu. Watu wengi waliandika kwamba hamira ya porini huwa dhaifu mbele ya mapigo haya. Ya mama haikuwa hivyo. Niliipiga mapigo kumi, ishirini, hamsini, na kila mara mstari wake kwenye grafu ulikwenda sambamba na ule wa hamira ya dukani, kama ndugu wawili wanaokwenda shule. Ukiuweka mmoja juu ya mwingine unaona mstari mmoja.

Msimamizi wangu, Daktari Kailemia, alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Alisema maana yake ni kwamba hamira wa kufugwa na wa porini wanaitikia mapigo mafupi kwa namna moja, na hiyo ndiyo itakuwa kauli kuu ya tasnifu yangu. Jopo limesoma sura hiyo na kuipitisha. Nitaitetea Machi.

Hamira ikishatengwa hupewa jina. Ile ya kwetu nimeiita Gladwell. Iko kwenye kila grafu na kila jedwali. Nilipoichapa mara ya kwanza nililia, nikafunga mlango, nikalia vizuri.

Wawira


Kiritiri,
13 Oktoba 2024

Kwa Wawira wangu,

Barua yako imechakaa kwa kukunjwa. Nimeisoma kanisani. Mchungaji alinipa dakika tano kwenye matangazo, nami nikachukua ishirini, na kwa vile siwezi kusikia watu wakikohoa, nilimaliza. Niliwaambia kuna kiumbe chuo kikuu kinaitwa Gladwell, kimepigwa umeme mara hamsini na hakikufa. Wale wale wa Umoja wa Kina Mama walisimama wakapiga vigelegele. Sikuvisikia ila niliona vinywa.

Binti yangu, nikuambie ukweli: tangu mama yenu aondoke, hili ndilo jambo la kwanza lililonifanya nilale usiku mzima. Miaka miwili ya ugonjwa watu walikuja hapa wakasema ni mwanamke hodari, na mimi nikasema ndiyo, ni hodari. Halafu akafa, na neno lile likabaki mdomoni mwangu bila kazi. Sasa limepata kazi. Hata hamira yake ni hodari.

Nataka pia nijipe sifa kidogo, maana hukunipa. Unadhani wale waliamka siku ya kwanza kwa bahati? Uliandika kwamba wanalala miaka, lakini mimi niliziangalia zile muratina, kavu kama kuni, zina vumbi na utando wa buibui, nikasema hapana, mtoto wangu hatafungua hiki kifurushi mbele ya madaktari halafu watu wacheke. Nikamtuma Ndwiga dukani alete pakiti ya hamira. Nikaikoroga kwenye maji ya uvuguvugu na asali, nikazilowesha siku mbili. Povu lilipanda hadi likamwagika sakafuni! Nikazianika juu ya mabati zikakauka vizuri, ndipo nikakufungia. Vijana wa siku hizi wanaotengeneza pombe hapa sokoni wote wanafanya hivyo ili ichemke haraka. Mama yenu asingekubali, lakini hakuwepo.

Kwa hiyo ukiandika shukrani kwenye kitabu chako, usimsahau msaidizi wa maabara wa Kiritiri.

Nimeshonesha suti kwa ajili ya Machi. Nitakaa nyuma. Sitasikia kitu, ila nitakuona.

Baba yako,
Mwalimu Njoka


Meru,
24 Novemba 2024

Mpendwa Baba,

Nimepata barua yako. Pole kwa kuchelewa, tulikuwa na mitihani ya wanafunzi na ndiyo iliyonimaliza nguvu.

Asante kwa kazi yote uliyofanya. Ulisema ulibakiza muratina chache. Naomba unitumie zote zilizobaki. Zitume hivyo hivyo zilivyo kwenye waya. Ni kwa ajili ya kurudia vipimo vichache, mambo ya kawaida tu.

Suti ni rangi gani?

Wawira


Kiritiri,
8 Desemba 2024

Kwa Wawira wangu,

Suti ni ya kijivu. Fundi alitaka kuweka vifungo vya dhahabu nikamwambia mimi si mpiga tarumbeta.

Muratina hizo hapo, nne, ndizo za mwisho. Umeandika nizitume zilivyo. Nilijaribu kukutii, nikazifunga kwenye gazeti, nikaziweka mlangoni. Halafu nikazitazama. Moja ilikuwa na kinyesi cha mjusi. Wawira, wewe sasa ni mtu mwenye jina, huwezi kupokea kitu kama hicho mbele ya watu. Nimezisugua kwa brashi, nikazilowesha usiku mmoja tu, safari hii na asali zaidi, na hamira kijiko kamili kwa sababu zilikuwa zimenyauka kuliko zile za kwanza. Utaona zitakavyoruka.

Barua yako ilikuwa fupi. Najua unaona haya kunisumbua. Usione haya. Mzee asiyesikia anahitaji kazi.

Baba yako,
Mwalimu Njoka


Meru,
19 Januari 2025

Baba,

Nimeanza barua hii mara nyingi, na kila mara naandika kwamba niko mzima. Siko mzima. Leo naiandika kwa haraka ili nisipate nafasi ya kuilainisha.

Ile hamira si ya mama.

Ulipozilowesha muratina kwenye hamira ya dukani, hamira ya dukani iliingia kwenye kila tundu la lile tunda. Inazaana haraka kuliko nyingine, ndiyo sababu wenye kuoka mikate wanaipenda. Ile ya mama, kama ilikuwa bado iko hai, ililemewa. Nilichoamsha mwezi wa pili, nikakifurahia kwa usafi wake, nikakipiga umeme karibu mwaka mzima, ni kile kile cha pakiti ambacho nilikuwa nacho tangu mwanzo. Mistari miwili ilifanana kwa sababu ilikuwa kitu kimoja. Nimelinganisha hamira na yenyewe, Baba, nikaipa upande mmoja jina la mama yangu.

Na hakuna aliyeweza kugundua, kwa sababu spishi ni ile ile, kama mbuzi wa kienyeji na mbuzi wa gredi, yule wa maziwa. Vipimo vikubwa zaidi vya kuwatofautisha hatuna hapa, na hakuna aliyeona haja ya kuvitafuta.

Nilipopata barua yako ya Oktoba nilikaa na siri hiyo zaidi ya mwezi. Nilikuandikia ile barua fupi nikitumaini muratina zilizobaki zitaniokoa bila wewe kujua. Hazikuniokoa. Nilipofungua kifurushi cha pili nikasikia harufu ya mkate, nilipiga meza. Beverlyne alikuja mbio akidhani nimepigwa na stima.

Basi nikaenda kwa Daktari Kailemia nikamwambia yote. Alivua miwani akasugua macho kwa muda.

“Nani mwingine anajua hiyo maneno?”

“Ni mimi na baba yangu. Na baba hajui kwamba anajua.”

“Basi wacha ikae. Wawira, hamira ni hamira. Jopo imeona, imepita. Mimi naenda kustaafu mwezi wa tisa, na wewe ukirudi nyuma sasa wanakutoa. Unataka kutupa miaka yote hii kwa sababu ya pakiti moja ya mzee?”

“Si kweli, Daktari. Kile kilichoandikwa pale si kweli.”

“Najua si kweli,” akasema. “Nakuuliza kama uko na nguvu ya kuanza tena.”

Sijui hata ningeanza tena na nini. Muratina zote kumi umezilowesha. Hamira ya mama haipo tena popote, na mimi sijawahi kuiona hata siku moja.

Nimekukasirikia. Usiku nikilala nakukasirikia, asubuhi nakumbuka ulivyokaa na brashi ukisugua kinyesi cha mjusi ili watu wasinicheke, nashindwa kukukasirikia, halafu nachoka zaidi.

Usije Machi. Sitatetea Machi.

Wawira


Kiritiri,
2 Machi 2025

Kwa Wawira,

Nimekaa na barua yako wiki nyingi. Kwanza sikuielewa. Nilimpa Ndwiga aisome, naye akaielewa upesi kuliko mimi, nikaona kwa uso wake. Suti nimeirudisha kwenye mfuko wake wa plastiki.

Nimefundisha miaka thelathini na minne, na kila mtoto aliyeniletea kazi niliyojua ameandikiwa na baba yake, nilimpa sifuri. Sasa baba huyo ni mimi. Ulisema nitume zilivyo. Uliandika kwa Kiswahili safi, nami nikajifanya najua zaidi kwa sababu nilitaka nikusaidie, na tangu masikio yangu yazibe hakuna anayeniomba msaada wa kitu chochote. Naumia, binti yangu. Ninapoamka naumia.

Halafu ikanijia kwamba umekosea jambo moja. Unasema hamira ya mama yenu haipo tena popote. Wewe umekaa sana mjini, hukumbuki. Kwetu pombe ya mtu ikikataa kuchemka siku ya wakwe imekaribia, hapigi kelele, anakwenda kwa jirani kimya kimya kuomba muratina moja iliyolowa. Akishafanikiwa anarudisha moja iliyotoka kwenye pombe yake, na zile nyingine zake zinabaki na hamira ile ile. Hakuna anayelitaja jambo hilo, kwa sababu ni aibu kidogo. Mama yenu aliombwa zaidi ya mtu yeyote.

Alhamisi nilikwenda kwa Mama Mbae, kule ng'ambo ya bonde, ambaye naye alikuwa akijitengenezea pombe. Posa ya Mbae ilikaribia kuharibika mwaka ule wa ukame, unaikumbuka? Pombe yake ilikaa siku tatu kama maji ya kunawa. Nilimwandikia swali kwenye kipande cha karatasi: je, aliwahi kuomba muratina kwa Gladwell? Alinitazama kwa hasira, maana nilikuwa nimemwuliza jambo ambalo mwanamume hamwulizi mke wa mtu. Ndipo akaona machozi yangu. Akapaza sauti hata mimi nikapata mabaki yake.

“Ndiyo! Alinipa moja! Na sijawahi kuweka kitu ya duka, Mwalimu, niko na hofu ya Mungu!”

Hajatengeneza pombe tangu posa ile. Zilikuwa darini mwake, juu ya meko, nyeusi kwa moshi. Alizitoa yeye mwenyewe kwa koleo, akaziweka kwenye mfuko wa karatasi, mimi sikuzigusa. Ndwiga ndiye aliyebeba. Niliketi upande wa pili wa gari mikono yangu ikiwa mapajani, kama mtoto aliyeadhibiwa. Kuna vumbi, kuna moshi, kuna mguu wa mdudu. Vyote vinakuja kwako.

Sikuambii uanze tena. Sina haki hiyo. Ila ukianza, niandikie jambo moja tu: kama amevumilia kama yule wa kwanza. Nimeshawaambia watu wote kanisani kwamba alivumilia, nami sijarudi kuwaambia vinginevyo.

Baba yako,
Njoka


Meru,
15 Juni 2025

Mpendwa Baba,

Nilianza tena. Sikuamua, nilijikuta tu nimevaa koti la maabara.

Chuo kilinipa hadi Desemba, mara ya mwisho, na hata hiyo ilipatikana kwa sababu Daktari Kailemia alikwenda mbele ya kamati akasema kosa lilikuwa la usimamizi wake. Sikumwomba. Alipotoka nje aliniambia, “Sasa tumechoka wote wawili pamoja,” akaenda kunywa chai.

Muratina za Mama Mbae zilichukua siku nyingi kuamka. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili ukungu wa kijani na wa kijivu, nikadhani zimekufa. Halafu wakatokea, wachache, madoa madogo yenye rangi ya maziwa yaliyomwagiwa chai kidogo, kingo zake zimekunjamana. Hawafanani hata kidogo na wale wa dukani. Niliwasogezea pua. Baba, walikuwa na harufu ya shuka aliyojifunga mama siku za Jumamosi akitoka stoo. Niliketi sakafuni.

Nikawalea wiki kadhaa hadi wakatosha. Sikutaka kuwapiga. Niliwaangalia kila asubuhi nikipata sababu ya kuahirisha, hadi Beverlyne akaniuliza kama ni mradi au ni mifugo.

Umeniomba nikuandikie jambo moja tu, na nimetafuta namna ya kuliandika kwa upole nikakosa.

Hawakuvumilia. Nilianza na mapigo kumi, yale ambayo hamira ya dukani huyapokea kama si kitu. Nilipowaweka chini ya darubini dakika zile zile walikuwa wazuri, wa mviringo, kila mmoja mahali pake, nikacheka peke yangu. Kesho yake sahani ilikuwa tupu. Nikarudia na mapigo matano. Tupu. Nikarudia mara nyingi kuliko nilivyopaswa kwa sababu nilitaka niwe nimekosea, na sikukosea. Kwa pigo moja wanabaki wachache sana, na hao wachache wanachukua muda mrefu kabla ya kuzaana tena.

Kwa tasnifu ni jambo zuri. Kauli yangu ya kwanza ilikuwa ya uongo, hii ni ya kweli: hamira wa porini na wa kufugwa hawafanani mbele ya mapigo haya. Nitatetea Novemba, na sasa naweza kusimama nikaulizwa swali lolote. Lakini sioni furaha. Nimechapa sura mpya yote na mahali pa jina nimeacha wazi. Yule hodari niliyempa jina la mama sasa anaitwa “hamira ya kibiashara”. Huyu wa kweli, anayekufa kwa mapigo matano, hana jina bado.

Uliwaambia watu kanisani kwamba hakufa. Kitabu hiki kitakaa maktaba ya chuo na mtu yeyote anaweza kukifungua. Niambie wewe, Baba. Niandike Gladwell, au niweke namba tu?

Wawira


Kiritiri,
29 Juni 2025

Kwa Wawira wangu,

Jumapili niliomba tena dakika tano, na safari hii nilitumia tatu. Niliwaambia yule aliyepigwa mara hamsini alitoka dukani, na kwamba wa mama yenu walikufa kwa mapigo matano. Sikuona kinywa kilichofunguka. Mama Mbae alisimama akaja mbele, akanishika mkono, akanirudisha kwenye benchi kama bibi harusi.

Nikuambie jambo ambalo hukuliona kwa sababu ulikuwa Meru ukisoma. Mwaka wa mwisho, wageni walipokuja, mama yenu alikuwa akinawa uso, anafunga kitambaa, anaketi wima. Waliondoka wakisema anaendelea vizuri. Mlango ukifungwa nilimbeba hadi kitandani, na siku mbili baadaye bado hawezi kushika kikombe. Alinikataza nisiwaambie ninyi. Nilikuwa naandika “mama yenu ni mzima” na yeye amelala nyuma yangu akinisikiliza nikiisoma kwa sauti, anasema, ongeza kwamba ameanza kula.

Andika jina lake. Liandike kwa ukamilifu, Gladwell, na mbele yake uandike mapigo matano.

Halafu uje nyumbani kabla ya Novemba, ulale. Sitakuuliza kitu.

Baba yako,
Njoka